Maji Yanayopita Feri: Somo la Mbuyu, Mikoko, Kaa na Kunguru

Ukisimama Feri upande wa kisiwani, ukingojea chombo kiteremshe abiria wa Likoni, kuna vitu viwili huwezi kukosa kuviona. Cha kwanza ni mibuyu ya Mama Ngina, miti minene iliyokuwa hapo kabla ya lami na kabla ya vibanda. Cha pili ni maji. Kuna saa yanaingia kwa nguvu kuelekea Port Reitz, na kuna saa yanatoka kurudi baharini. Hufanya hivyo mara mbili kila siku, yawe ya bamvua au maji mafu.

Wengi wetu huyatazama maji haya kwa jambo moja tu: je, tutavuka kwa wakati? Lakini ndani yake wamo abiria wengine ambao hawapigi foleni. Wamo watoto wa kamba wadogo kuliko punje ya mchele, mayai ya samaki, na mbegu za mikoko zinazotafuta pa kutua. Samaki anayeuzwa sokoni mwezi ujao huenda alipita hapa akiwa hajaonekana kwa macho.

Mwanafunzi wa sekondari msingi aliyesimama karibu nawe kwenye foleni hiyo, mkoba mgongoni, husoma mambo haya katika somo la Sayansi Jumuishi: uzazi wa mimea, uzazi wa wanyama, na jinsi viumbe wanavyotegemeana. Mara nyingi huyakariri kama maneno ya mtihani. Makala haya yanalenga kumsaidia yeye, mzazi wake, na mkazi mwingine yeyote kuyaona maneno hayo yakifanya kazi hapa hapa Mombasa. Tunafanya hivyo kwa sababu moja kubwa: mengi ya mambo ambayo sheria inatukataza, kama kukata mikoko, kuvua kwa juya na kutupa taka ovyo, yanaeleweka vizuri zaidi mtu akijua viumbe hawa wanazaanaje.

MBUYU NA MGENI WAKE WA USIKU

Tuanze na mbuyu kwa kuwa ndio ulio karibu. Ua la mbuyu ni kubwa, jeupe, na huning'inia kuelekea chini. Hufunguka jioni, jua linapozama, na siku inayofuata huanza kunyauka. Kwa nini ua lijipambe usiku wakati nyuki na vipepeo wamelala? Kwa sababu mgeni linayemngojea hatoki mchana. Mgeni huyo ni popo wa matunda.

Popo huja kunywa maji matamu yaliyo ndani ya ua. Akishika ua, kifua na uso wake hupakwa unga wa manjano uitwao chavua. Chavua ndiyo hubeba mbegu ya kiume ya mmea. Popo akiruka hadi mbuyu mwingine, chavua ile hugusa sehemu ya kike ya ua la pili. Kitendo hicho ndicho uchavushaji. Baada ya hapo chembe ya kiume husafiri ndani ya ua hadi ilipo chembe ya kike, zikaungana. Muungano huo ndio utungisho, na hapo ndipo mbegu huanza kuumbika.

Mwanafunzi azingatie tofauti hiyo. Uchavushaji ni safari ya chavua kutoka ua hadi ua. Utungisho ni kuungana kwa chembe mbili. La kwanza linaweza kutokea na la pili lisitokee.

Matokeo yake tunayajua sote. Ni buyu lenye ganda gumu, na ndani yake punje zilizofunikwa unga mweupe mchachu. Punje hizo zikipikwa kwa sukari na rangi nyekundu, huwa mabuyu yanayouzwa katika vikaratasi pale Feri na katika vichochoro vya Mji wa Kale. Kila punje ambayo mtoto huimumunya ni mbegu iliyotokana na kazi ya popo. Hiyo iliyopikwa haitaota tena, lakini iliyoanguka chini ya mti bado ina nafasi.

Kwa hiyo, anayewachoma moto popo wa matunda darini kwa kuwaona ni ndege wa uchawi, anaharibu kazi ya mkunga wa mibuyu. Isitoshe, popo si ndege. Ni mnyama anayezaa na kunyonyesha kama paka au mbuzi.

MTI UNAOLEA MTOTO KABLA YA KUMWACHIA

Sasa tuingie na maji yanayojaa. Kutoka baharini maji hukizunguka kisiwa chetu kwa njia mbili. Njia moja inapita Feri na bandari ya Kilindini hadi hori ya Port Reitz. Nyingine inapita Fort Jesus, Bandari ya Kale na chini ya daraja la Nyali hadi hori ya Tudor. Mwisho wa njia zote mbili ni mikoko.

Kenya ina aina 9 za mikoko, na wazee wa pwani wanaijua kila moja kwa jina lake. Mlilana hukaa mbele kabisa kuelekea maji. Nyuma yake hufuata mkoko wenyewe, ule wenye mizizi mirefu iliyopinda kama miguu ya buibui. Kisha kuna muia na mkandaa, na karibu na nchi kavu hupatikana mchu. Kwa mujibu wa mpango wa kitaifa wa usimamizi wa mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027, nchi nzima ina takriban hekta 61,271 za mikoko. Zaidi ya nusu iko Lamu. Mombasa, kaunti ndogo yenye watu wengi, ina takriban hekta 3,771.

Kila aina ina mgeni wake wa kuchavusha. Mchu hutembelewa na nyuki, ndiyo sababu mizinga ikiwekwa mikokoni hutoa asali. Maua ya mlilana hufunguka usiku kama ya mbuyu, na wageni wake ni nondo na popo. Maua ya muia, yenye rangi ya wekundu, hutembelewa na ndege mdogo aitwaye chozi. Chozi anapoingiza mdomo wake mwembamba, ua hufyatuka na kumrushia chavua kichwani. Mkoko wenyewe hutegemea zaidi upepo.

Baada ya utungisho, mkoko hufanya jambo ambalo miti mingi haifanyi. Mwembe ukizaa, embe huanguka, na kokwa huota likiwa ardhini. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti. Hutoboa tunda na kurefuka kuelekea chini, ikawa kama mshumaa wa kijani unaoning'inia, na inaweza kupita nusu mita kwa urefu. Mama huilisha kwa miezi mingi. Inapokomaa hujiachia na kuanguka, ikiwa si mbegu tena bali ni mche.

Sababu yake ni mazingira. Matope ya mikokoni yana chumvi nyingi, hayana hewa ya kutosha, na maji hupita juu yake mara mbili kwa siku. Mbegu ndogo ingesombwa au ingekufa kabla ya kushika. Mche mrefu uliokwisha kulishwa una nafasi nzuri zaidi. Ukianguka maji yakiwa yamekupwa, unaweza kudungwa matopeni papo hapo. Ukianguka maji yakiwa yamejaa, huelea ukiwa umelala, na baada ya muda husimama wima majini. Ncha yake ikigusa tope lililotulia, hutoa mizizi. Muia na mkandaa nao huzaa kwa namna hiyo. Mchu hufanya hivyo kwa siri zaidi: mbegu yake huota ndani ya ganda la tunda, usione kitu mpaka ganda livuke.

Mwanasayansi ataita hali hii kuzoea mazingira. Mwanafunzi akiulizwa mfano, hana haja ya kwenda mbali. Akikaribia mchu, aguse jani lake kwa ulimi: atasikia chumvi, kwa sababu mti ule huitoa kupitia majani. Akitazama chini yake, ataona mizizi midogo iliyochomoza matopeni kama penseli. Hiyo ndiyo pua ya mti, ya kuvutia hewa.

NANI ANAMLA NANI

Mfumo ikolojia ni jumla ya viumbe wa mahali fulani pamoja na maji, udongo, hewa na jua la mahali hapo, na jinsi vyote vinavyotendeana. Hori ya Tudor ni mfumo mmoja. Shimo la kaa nalo, kwa udogo wake, ni mfumo.

Katika kila mfumo kuna makundi matatu. Kuna wazalishaji, yaani mimea inayojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Kuna walaji, yaani wanyama. Na kuna waozeshaji, yaani bakteria na kuvu, wanaovunja mizoga na majani makavu na kurudisha virutubisho kwenye udongo.

Fuata jani moja la mkoko. Linapata manjano, linaanguka. Kaa mdogo anatoka, analivuta hadi shimoni na kulila. Mabaki na kinyesi chake huliwa na bakteria. Kamba na mkizi hujilisha kwenye tope hilo lenye rutuba. Samaki mkubwa humla kamba. Korongo humla samaki. Nasi tunamla samaki, kamba, na hata kaa. Mashimo ya kaa nayo huingiza hewa na maji kwenye tope, mizizi ikapumua vizuri. Kwa hiyo mti humlisha kaa, na kaa humsaidia mti.

Kuna hesabu moja ambayo mwanafunzi anapaswa kuikumbuka. Katika kila hatua, ni takriban sehemu 1 tu kati ya 10 ya nguvu ya chakula inayofika kwa mlaji anayefuata. Nyingine hutumika kwa kutembea, kupumua na kuishi, au hupotea kama joto. Ndiyo sababu majani ni mengi, kamba ni wachache kuliko majani, na samaki wakubwa ni wachache zaidi. Ukiondoa sehemu kubwa ya majani chini, huwezi kutarajia samaki wabaki wengi juu.

KITALU CHA BAHARI

Watu wengi hudhani kamba na kaa huzaliwa na kufia mikokoni. Sivyo. Kamba waliokomaa hutoka horini na kwenda kutaga mayai baharini. Mayai huanguliwa na kutoa watoto wadogo mno wasiofanana na wazazi wao. Hao husukumwa na mikondo ya maji, hubadilika umbo mara kadhaa, kisha huingia horini pamoja na maji ya kujaa. Wanaopita Feri ni hao. Wakifika mikokoni hupata chakula, na mizizi iliyosukana huwaficha dhidi ya samaki wakubwa. Baada ya miezi michache hutoka tena kwenda kuzaa. Mkizi naye huzaa baharini na watoto wake hukulia katika hori.

Kaa mkubwa wa mikokoni, yule wanayempenda wenye hoteli, ana hadithi yake. Dume hushikana na jike wakati jike anapojivua gamba, maana ni hapo tu mwili wake unapokuwa laini. Baadaye jike husafiri kuelekea bahari kuu akiwa na mayai chini ya tumbo, na mayai hayo huwa kwa mamilioni. Wengi wa watoto watakaotoka wataliwa au watapotea. Wanaorudi mikokoni wakiwa wazima ni wachache sana.

Ndiyo maana kumtambua jike kuna maana. Mgeuze kaa chali. Kifuniko cha tumbo cha dume ni chembamba chenye ncha kama pembetatu. Cha jike aliyekomaa ni kipana cha mviringo. Ukiona rundo la mayai la rangi ya chungwa au kahawia chini ya kifuniko hicho, umeshika kizazi kizima mkononi. Mvuvi anayemrudisha majini anapoteza kaa mmoja leo, lakini anaacha mbegu ya kaa wa miaka ijayo.

Hoja hiyo hiyo ndiyo iliyo nyuma ya sheria za nyavu. Mwaka 2001 Serikali ilipiga marufuku juya, ule wavu unaokokotwa ufuoni. Juya halichagui. Linakokota mkubwa na mdogo, linakwangua nyasi za bahari, na linabeba watoto wa samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Chandarua cha mbu kinachotumiwa kuvulia ni kibaya kuliko juya, kwa kuwa matundu yake ni madogo zaidi. Samaki akivuliwa kabla ya kuzaa, hukosi samaki huyo peke yake. Unakosa na uzao wake wote. Wahenga walisema hasira ya mkizi ni tijara ya mvuvi. Lakini mkizi aliyevuliwa angali kidole hana tijara kwa yeyote.

KUNGURU: UZAZI ULIOKOSA MPINZANI

Mfumo ikolojia hukaa sawa kwa sababu kila kiumbe ana wa kumla, wa kumwibia au wa kushindana naye. Ukitaka kuona kinachotokea mpinzani akikosekana, inua macho pale Feri. Hao kunguru wenye shingo ya kijivu wanaonyakua chapati mkononi mwa watu si wenyeji wa hapa.

Kunguru huyu asili yake ni Bara Hindi na nchi za jirani. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili asaidie kula taka mjini. Kufikia mwaka 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Tangu hapo ameenea pwani nzima na kuingia bara.

Kwa nini amefanikiwa hivyo? Kwanza, chakula. Popote penye taka za wazi, kunguru ana karamu. Jike hutaga kwa kawaida mayai 3 hadi 5, na chakula kikiwa tele makinda wengi huishi. Pili, hana mpinzani. Kule kwao yuko ndege aitwaye koeli, wa jamii ya kekeo, ambaye hutaga mayai yake ndani ya kiota cha kunguru. Kunguru hulea kinda la mwingine bila kujua, na idadi yake ikapungua. Huku kwetu koeli huyo hayuko.

Hasara yake si kelele na uchafu pekee. Kunguru hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na hushambulia vifaranga vya kuku. Ndege kama chozi, mchavushaji wa muia, ni miongoni mwa wale wasio na nguvu za kumkabili. Hapa msomaji ataona jinsi mfuko wa taka uliopasuka mtaani unavyoweza kufika hadi kwenye ua la mti ulio horini. Taka humlisha kunguru, kunguru humla kinda, na ua hukosa mgeni.

Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwapunguza kunguru hawa kwa milioni 1 kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa kutumia sumu maalumu. Hatua kama hiyo huondoa ndege waliopo. Lakini somo la uzazi linatuambia ukweli mmoja: mradi chakula kipo mitaani, waliobaki watataga na kulea, na idadi itapanda tena. Sumu ni kazi ya wataalamu. Kufunga taka ni kazi ya kila nyumba.

TULIPOFUNGA MAJI, NA TULIPOYAFUNGUA

Mombasa ina mfano mwingine wa kile kinachotokea mfumo ukikatwa. Katika miaka ya 1920 barabara ya Makupa ilijengwa kwa kujaza udongo na mawe baharini ili kuunganisha kisiwa na bara. Ilirahisisha safari za watu na mizigo, lakini ilizuia maji kupita kati ya hori ya Tudor na ya Port Reitz. Palipokuwa na mkondo pakawa na maji yaliyosimama. Kando yake, Kibarani, pakawa jalala lililotiririsha uchafu baharini kwa miaka mingi.

Jalala la Kibarani lilifungwa mwaka 2018 na mahali hapo pakaanza kupandwa miti na kutengenezwa bustani. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa lilifunguliwa, na moja ya sababu za kulijenga ilikuwa kuyarudishia maji njia yake. Kwa macho ya msafiri ni daraja tu. Kwa mtoto wa kamba na mbegu ya mkoko, ni mlango uliokuwa umefungwa kwa takriban karne moja.

Maumivu mengine hayaponi upesi. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka bara hadi hori ya Mwache, ukazika mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa ikiwa imesimama. Mwaka 2005 mafuta yalimwagika katika hori ya Port Reitz kutoka kwa meli, yakapaka mizizi na miche. Mti mkubwa unaweza kuhimili pigo kama hilo kwa muda. Mche hauwezi. Na mahali ambapo miche hufa kila mwaka, msitu unaweza kuonekana mzima leo ilhali hauna kizazi cha kesho.

NYUMBA ZA MJI WA KALE NA BORITI

Pengine msomaji atauliza: je, wazee wetu hawakukata mikoko? Walikata. Ingia nyumba yoyote ya zamani ya Mji wa Kale utazame dari. Utaona boriti za mikoko zimepangwa, na utagundua kuwa vyumba ni virefu lakini vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Majahazi yalizipeleka boriti hizo hadi nchi za Ghuba kwa karne nyingi.

Tofauti ni kiasi. Mji ulikuwa mdogo, na msitu ulikuwa na muda wa kuzaa tena kabla ya shoka kurudi. Mahitaji yalipopita kasi ya uzazi wa miti, hesabu ilianza kuharibika. Serikali ilitangaza mikoko kuwa msitu wa hifadhi tangu mwaka 1932, na ikathibitisha hivyo mwaka 1964. Usafirishaji wa boriti kwenda nje ulipigwa marufuku mwaka 1982. Kwa hiyo, kukata mkoko horini bila idhini ni kosa, hata kama mti uko nyuma ya kiwanja chako.

Jirani zetu wa Gazi, Kaunti ya Kwale, wameonyesha kuwa mti uliosimama nao unaweza kulipa. Tangu mwaka 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, jamii hiyo hulinda hekta 117 za mikoko na kupata fedha za hewa ya ukaa, kwa kuwa mikoko na tope lake huhifadhi kaboni nyingi. Fedha hizo zimesaidia huduma za jamii kama maji na shule.

MKAZI AFANYE NINI

Tumesema mengi. Haya hapa yanayoweza kutendwa na mtu wa kawaida.

Nyumbani na dukani. Funga taka za chakula katika pipa lenye kifuniko. Usitoe taka nje usiku wa kuamkia siku isiyo ya kukusanya. Usimwage mafuta ya kupikia wala ya gari kwenye mtaro, maana mitaro mingi mwisho wake ni hori. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 28, 2017. Ikifika mikokoni hufunika mizizi ya kupumulia na kunasa miche.

Kwa wavuvi na wauza samaki. Rudisha majini kaa jike mwenye mayai. Usinunue samaki wachanga waliovuliwa kwa juya au chandarua. Bila mnunuzi, wavu huo hukosa faida. Kikundi cha usimamizi wa ufuo, BMU, ndicho mahali pa kwanza pa kupeleka malalamiko.

Kwa vikundi vya kupanda mikoko. Nia njema haitoshi. Kwanza pata ushauri na idhini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iliyoko Mkomani, ina wataalamu waliotafiti mikoko kwa miaka mingi. Panda aina inayofaa mahali panapofaa: mkoko ukipandwa penye mawimbi makali, au juu kabisa yasipofika maji, utakufa. Usichume mbegu changa mtini. Okota zilizokomaa na kuanguka zenyewe, zisizo na matundu ya wadudu. Dunga ncha ya chini kwenye tope hadi ishike, na chipukizi libaki juu. Kisha rudini kuangalia. Kazi ya kupanda huisha asubuhi moja, lakini kulea miche huchukua miaka. Na mahali ambapo mikoko iliyo karibu bado inazaa na maji yanapita vizuri, huenda kinachohitajika ni kuondoa taka tu, miche ije yenyewe.

Kwa walimu na wazazi. Mtoto akisoma uchavushaji, mpelekeni chini ya mbuyu wa Mama Ngina jioni wakati wa maua. Akisoma mlolongo wa chakula, mpelekeni ukingoni mwa hori maji yakiwa yamekupwa, mkiwa na mtu mzima anayeijua saa ya maji. Mwacheni ahesabu mashimo ya kaa, na awatazame kaa wadogo wenye gando moja kubwa wakilipunga. Hao ni madume, na wanamwita jike.

NANI ANASIMAMIA NINI

Wakazi hutuuliza mara kwa mara malalamiko yapelekwe wapi. Chini ya Katiba ya 2010, ukusanyaji wa taka, mitaro ya maji ya mvua na huduma za uvuvi ni majukumu ya kaunti. Kwa hayo, anza na ofisi ya wadi au ya kaunti ndogo yako, iwe Mvita, Likoni, Nyali, Kisauni, Changamwe au Jomvu. Misitu ya mikoko husimamiwa na KFS. Uchafuzi mkubwa wa mazingira hushughulikiwa na NEMA, na wanyamapori ni kazi ya KWS. Ukiripoti, taja mahali, siku na saa, na ulichokiona kwa macho. Taarifa iliyo wazi hufanyiwa kazi upesi kuliko lawama ya jumla.

Na siku nyingine ukiwa Feri, chombo kikiwa kimechelewa na jua limekaza, tazama maji kidogo. Ukiona kitu cha kijani, kirefu kama mshumaa, kinaelea kuelekea ndani, utajua ni nini. Ni mtoto wa mkoko anayetafuta tope la kushika. Akikuta tope safi ataota. Akikuta tumelijaza taka, atapita.